Boran wa mbegu: mwongozo kamili kwa ranchi ya familia, kutoka mtamba wa kwanza hadi dume wa kuuza

Mnunuzi wa dume akifika kwetu, jambo la kwanza analouliza ni uzito. Namwonyesha mizani, halafu namfungulia daftari kwenye ukurasa wa mama yake dume: alizaliwa lini, alizaa mara ya kwanza akiwa na umri gani, amezaa ndama wangapi, zilipita siku ngapi kati ya ndama mmoja na mwenzake. Mnunuzi anayeijua kazi huacha kumtazama dume akaanza kusoma. Ng'ombe mnene anapatikana katika mnada wowote. Ng'ombe ambaye mama yake na bibi yake wamezaa kila mwaka bila kusaidiwa, na kuna mtu aliyeyaandika hayo siku yalipotokea, huyo ndiye anayelipiwa bei ya mbegu, yaani ya mnyama wa kuzalishia.

Nauandika mwongozo huu kwa familia yenye ardhi ya ukame na nia ya kufuga ng'ombe wa nyama walioandikishwa ukoo wao. Namtumia Boran kwa sababu ndiye ninayemjua. Sisi tuko Laikipia. Mfugaji wa Sahiwal au wa Mpwapwa atabadilisha uzito na tarehe, kazi yenyewe ni ileile.

Boran asili yake ni nyanda za Borana, kusini mwa Ethiopia. Wachungaji wa Kiborana na Kiorma ndio waliomleta kaskazini mwa Kenya, na wao ndio waliomchuja kwanza, kwa karne nyingi, kwa kiu na kwa safari. Ranchi za Laikipia zikaja kumchagua kwa ajili ya nyama mwanzoni mwa karne iliyopita, na chama cha wafugaji wa Boran kikaundwa mwaka 1951. Leo viinitete (mimba changa za kupandikizwa) vya Boran wa Kenya vimekwisha kupelekwa Zambia, Zimbabwe, Afrika Kusini hadi Australia. Jike mzima huwa na kilo 380 hadi 450 hivi, dume kilo 500 hadi 850, na ndama huzaliwa na kilo 25 hadi 28. Udogo huo wa ndama ni utajiri. Ndiyo maana jike wa Boran huzaa peke yake kichakani na asubuhi unamkuta ndama amekwisha kunyonya.

Hatua ya 1: Hesabu nyasi za mwaka mbaya

Usihesabu malisho mwezi wa Mei. Hesabu kwa kukumbuka 2009, 2017 na 2022. Kwetu ekari 10 kwa ng'ombe mmoja mzima ndicho kiwango cha kuanzia, na kuna sehemu zinazohitaji zaidi. Familia yenye ekari 600 isidhani ina nafasi ya majike 60. Kila jike anakuja na ndama wake, mitamba (majike wachanga) wanaosubiri kupandwa, na madume wachanga ambao lazima uwalee mpaka miaka miwili kabla hawajauzika. Ekari 600 ni majike 30, na katika miaka mizuri utakuwa na nyasi za akiba badala ya deni.

Kama unaweza, tumia boma la kuhamishika, lile la vyuma vinavyofungwa na kufunguliwa. Ukilihamisha kila baada ya siku chache kwenye ardhi iliyochakaa, samadi na kwato hufanya kazi ambayo trekta haiwezi. Maboma ya zamani ya wachungaji hapa Laikipia bado yanaonekana kama viwanja vya nyasi laini, miongo mingi baada ya wenyewe kuhama, na swala na pundamilia huyajua kuliko sisi.

Hatua ya 2: Chama, jina na chapa

Jiunge na chama cha wafugaji wa aina yako kabla ya kununua ng'ombe. Nchini Kenya kitabu cha nasaba, Kenya Stud Book, kipo tangu 1920 na makao yake ni Nakuru. Utaandikisha jina la kundi lako, ambalo litatangulia majina ya wanyama wote watakaozaliwa kwako, basi chagueni jina ambalo wajukuu hawataliona haya. Waulize pia utaratibu wa ukaguzi: mnyama hutazamwa umbile, rangi, nundu, miguu na viungo vya uzazi, na anayeshindwa haandikwi hata kama baba yake alikuwa bingwa wa maonyesho.

Chapa ya moto nayo huandikishwa serikalini. Usijichongee chuma kwa fundi ukaanza kupiga. Upande wa Tanzania kuna sheria ya mwaka 2010 ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo, kwa hiyo anzia kwa afisa mifugo wa wilaya. Mvalishe kila mnyama hereni mbili za namba, moja kila sikio. Moja itapotelea kwenye miiba, na ng'ombe aliyepoteza namba amepoteza ukoo.

Hatua ya 3: Kununua majike ya msingi

Hapa ndipo familia nyingi hukosea kwa haraka. Mtu ana fedha za majike 20, anazunguka minada mitatu, anarudi na ng'ombe 20 wa rangi 20, halafu anatafuta karatasi. Nunua 8 au 10 kutoka kundi moja lenye daftari, mitamba wenye mimba wakipatikana, na uchague kundi linaloishi maisha magumu kuliko utakayowapa wewe. Ng'ombe aliyetoka kwenye shida akaja kwenye nafuu hunawiri. Aliyelelewa kwa pumba na kunyweshwa karibu na nyumba atakukondea msimu wa kwanza.

Fika asubuhi, kabla hawajatoka bomani. Tazama wanavyotembea kuelekea malishoni, maana miguu haidanganyi mwendoni. Tazama chuchu: zikiwa nene kama chupa, ndama mchanga hawezi kuzishika na utakuwa unakamua wewe usiku. Tazama ngozi ya kitovu isining'inie mpaka kunaswa na miiba. Ingia katikati yao taratibu uone nani anakimbia, nani anakuja kunusa, nani anainamisha kichwa. Boran aliyezoeshwa watu ni mpole sana; mkali humfundisha ndama wake ukali, na mnunuzi wako ana watoto nyumbani.

Kisha omba daftari. Mwuzaji akisema yote yako kichwani, mshukuru uondoke.

Ng'ombe wageni wakifika, watenge siku 30 mbali na mifugo yako. Katika siku hizo daktari wa mifugo achukue damu kupima ugonjwa wa kutupa mimba na apime kifua kikuu. Gharama yake ni ndogo kuliko thamani ya ndama mmoja.

Hatua ya 4: Dume

Mwaka mmoja tulinunua dume mzuri wa kupindukia. Mgongo kama meza, paja limejaa, mtulivu. Alikuwa na miaka mitano na alikwisha kutumika kwingine. Tukamwingiza kwa majike 26 bila kumpima. Desemba daktari alipopima mimba, majike 11 tu walikuwa nazo. Dume alikuwa na vijidudu kwenye govi ambavyo havimwumizi hata kidogo, lakini jike akipandwa huvipata na mimba huharibika ikiwa changa mno, usiweze hata kuona kitu chini. Unachoona ni majike wanaorudi joto, yaani kutaka dume, tena na tena. Majike wengi hupona wakipumzishwa miezi kadhaa bila dume. Dume mzee hubaki navyo. Tulimpeleka machinjioni, na tulipoteza mwaka mzima wa ndama. Najilaumu mimi, kwa sababu kipimo kilikuwepo.

Tangu hapo utaratibu wetu ni huu. Dume aliyekwisha kupanda haingii kwetu bila govi lake kuoshwa na maji yake kupelekwa maabara mara tatu, wiki moja moja. Afadhali dume kijana ambaye hajapanda kabisa. Siku 60 kabla ya msimu wa kupandisha kila dume hupimwa: macho, meno, kwato, korodani kwa utepe, na shahawa chini ya darubini. Siku 60 nazihesabu kwa sababu mbegu za kiume huchukua takriban muda huo kukomaa. Dume aliyeugua homa mwezi uliopita anaweza kuonekana mzima na asizalishe kitu. Dume wa miaka miwili mwenye mzunguko wa korodani chini ya sentimita 30 simtaki, hata akiwa na nyama kiasi gani. Korodani kubwa humaanisha mbegu nyingi, na binti zake nao huwahi kupata joto.

Dume mmoja mzima anatosha majike 25 hadi 30. Kijana mpe 15.

Uhimilishaji, yaani kumpandisha jike kwa mrija wa mbegu, unafaa ukitaka damu ya dume usiyeweza kumnunua. Kabete nchini Kenya na Usa River karibu na Arusha ndiko ziliko taasisi za serikali za mbegu za madume. Lakini kwenye ranchi pana, kumgundua jike aliye joto saa 11 alfajiri ni kazi ya mtu mmoja asiye na kazi nyingine. Boran aliye joto hajitangazi sana. Wapandishe kwa mrija majike bora wachache, wengine waachie dume.

Hatua ya 5: Msimu wenye mwanzo na mwisho

Dume akikaa na majike mwaka mzima, hutajua jike gani ni mvivu wa kuzaa. Kwetu dume huingia 1 Julai na hutoka mwisho wa Septemba. Mimba ya ng'ombe ni siku 285 hivi, kwa hiyo ndama wa kwanza hudondoka katikati ya Aprili, mvua za masika zikiwa zimeanza, na mama ana nyasi mbichi za kutengenezea maziwa. Julai inapofika, jike amenenepa na yuko tayari kupandwa tena. Kwenu mvua ikiwa na kalenda nyingine, anzia kwenye mvua uhesabu kurudi nyuma miezi tisa na nusu.

Mitamba hawaingii kwa dume kwa sababu ya umri peke yake. Wapime, kilo 270 hadi 280 ndipo wanapoweza kubeba mimba bila kudumaa, na kwenye nyasi tupu wengi hufika hapo wakiwa na miaka miwili hadi miwili na nusu.

Hatua ya 6: Saa 24 za kwanza, na daftari

Mchungaji ndiye mwandishi wa kwanza wa kitabu cha nasaba. Mpe kidaftari cha mfukoni na kalamu ya risasi, kwa sababu wino hufutika kwa mvua, na umlipe kwa kila ndama aliyeandikwa sawasawa. Ndani ya saa 24 ndama apakwe iodini kitovuni, apimwe, avishwe hereni, na yaandikwe haya: tarehe, namba ya mama, namba ya baba, jinsia, rangi, uzito, na kama mama alisaidiwa. Nendeni watu wawili. Boran mpole kama kondoo anaweza kukurusha juu ya boma siku ya kwanza ya ndama wake.

Jioni, mtu mmoja wa nyumbani anahamisha maandishi hayo kwenye daftari kubwa. Kompyuta ni nzuri, nasi tunayo, ila daftari kubwa ndilo linalotolewa ubishi ukitokea. Usiandike kwa kubahatisha. Ikiwa madume wawili walikutana na jike baada ya ua kuvunjwa na ndovu, andika kwamba baba hajulikani, kisha chukua nywele za mkia wa ndama zenye mizizi yake pamoja na za madume wote wawili, zipelekwe kupimwa vinasaba. Ukiandika baba wa uongo mara moja, uongo huo utazaa kila mwaka, na siku utakapogunduliwa hata kurasa zako za kweli zitatiliwa shaka.

Hatua ya 7: Kupima wakati wa kuachisha

Ndama huachishwa wakiwa na miezi saba hivi. Kwetu ni Novemba. Wapime wote siku moja kwenye mizani ya kweli, maana utepe wa kifuani ni wa kukadiria tu. Tatizo ni kwamba ndama wa Aprili atamzidi wa Juni kwa umri, ukaona ana damu bora kumbe ana siku nyingi. Kwa hiyo wote hurudishwa kwenye umri wa siku 205. Toa uzito wa kuzaliwa kwenye uzito wa kuachisha, gawanya kwa umri wa siku, zidisha kwa 205, kisha ongeza tena uzito wa kuzaliwa.

Ndama aliyezaliwa na kilo 28 akapimwa kilo 190 akiwa na siku 220: 190 toa 28 ni 162, gawa kwa 220 ni gramu 736 kwa siku, mara 205 ni kilo 151, ongeza 28, unapata kilo 179. Ikiwa wastani wa madume wenzake waliolishwa pamoja naye ni kilo 165, yeye ana 108 kwa mia. Namba hiyo ya 108 ndiyo yenye maana. Kilo 179 za mwaka wa mvua si sawa na kilo 179 za mwaka wa ukame, lakini aliyewazidi wenzake kwenye nyasi zilezile amewazidi. Linganisha madume kwa madume na mitamba kwa mitamba, na ukumbuke kuwa mtamba anayenyonyesha ndama wake wa kwanza hana maziwa ya jike wa miaka saba.

Hatua ya 8: Kuchuja

Mapema Desemba daktari hupima mimba za majike wote. Aliye mtupu anauzwa kabla ya jua la Januari halijamla mwili. Hatuna rufaa, isipokuwa kosa likiwa la dume kama nilivyosimulia. Nimewahi kuuza jike mrembo kuliko wote bomani, jike ambaye mamangu alimpa jina na kumlisha maganda ya ndizi kwa mkono. Mama hakusema nami siku mbili. Lakini jike mtupu akisamehewa kwa sababu ya sura, binti zake hurithi sura na uvivu pamoja, na miaka kumi baadaye unauza madume wanaozalisha mitamba wasioshika mimba.

Wanaofuata kutoka ni mkali, mwenye chuchu mbovu, aliyesaidiwa kuzaa, na ambaye ndama wake yuko chini ya 90 kwa mia ya wenzake mara mbili mfululizo. Sehemu ngumu zaidi ni madume wachanga. Chukua kundi la majike 30. Ukipata ndama 25, madume ni 12 hivi. Kati yao wanaostahili kuitwa mbegu huwa watatu au wanne. Wengine wanane wahasiwe wawe maksai wa nyama. Moyo utakuambia uwauze wote kwa bei ya madume, na mwaka huo utapata fedha kweli. Wanunuzi hawatarudi.

Ukoo usirudiane. Dume akimpanda binti yake, ndama ana asilimia 25 ya damu iliyojirudia. Ndugu wa baba mmoja wakipandana, asilimia 12.5. Matokeo yake huonekana kwanza kwenye uzazi na uhai wa ndama, kabla hujayaona kwenye umbile. Dume mkuu atoke kundini kabla binti zake hawajafika umri wa kupandwa, yaani baada ya misimu miwili, au uwe na makundi mawili na ubadilishane.

Hatua ya 9: Afya, kwa ufupi

Mpango wa chanjo atakupa daktari wa eneo lako: kimeta na chambavu, mapele ya ngozi, ugonjwa wa midomo na miguu, na homa ya mapafu inapotakiwa. Chanjo ya ugonjwa wa kutupa mimba hupewa mitamba wa miezi mitatu hadi minane, kamwe si dume. Anayechanja avae glavu, dawa hiyo humdhuru mtu.

Ndigana kali ndiyo ninayoisisitiza. Huletwa na kupe wa kahawia anayekaa masikioni, na dume wa mbegu uliyemwuza kutoka sehemu isiyo na kupe huyo hufa wiki chache baada ya kufika kwa mnunuzi. Chanjo yake, iliyobuniwa Muguga nchini Kenya, hutolewa mara moja maishani pamoja na sindano ya tetrasaiklini ya kukaa mwilini muda mrefu, kwa sababu ndani yake mna vimelea hai. Wachanje ndama wote wakiwa wadogo na uiandike kwenye karatasi ya mauzo. Ila wanapochunga pamoja na nyati, chanjo hiyo peke yake haitoshi, josho liendelee.

Hatua ya 10: Kuuza

Uza dume akiwa na miaka miwili au zaidi, aliyelelewa kwenye nyasi. Dume aliyenenepeshwa kwa pumba miezi mitatu huuzika upesi, kisha hukonda kwa mnunuzi na jina lako hukonda naye. Mkabidhi mnunuzi cheti cha ukoo, ukurasa wa mama, matokeo ya shahawa na orodha ya chanjo. Mwambie kasoro za dume kabla hajaziona. Andikianeni kwamba asipozalisha msimu wa kwanza, utampa mwingine. Baada ya mwaka mpigie simu umwulize ndama walizaliwaje. Taarifa hizo ziingie daftarini kwako.

Hatua ya 11: Nyumbani

Ranchi nyingi za ukoo huvunjwa na urithi kuliko ukame. Msigawe ng'ombe kila mtu na wake kisha mkawachunga pamoja. Mtabishana jike wa nani auzwe. Kwetu kundi ni moja chini ya jina moja, kila mmoja ana hisa, na mwisho wa mwaka tunagawana mapato. Kila mtoto anayefika miaka 12 hupewa mtamba mmoja wa kumfuata daftarini, naye ndiye hujaza ukurasa wake. Jioni ya siku ya kupima mimba tunakaa wote, orodha ya walio watupu inasomwa kwa sauti, na mwenye neno analisema hapo hapo.

Daftari liwe na nakala nyumba nyingine. Nyumba huungua, na mchwa nao wapo. Yetu iko kwa dada yangu mjini. Kila Jumapili usiku anayeandika hupiga picha kurasa mpya akamtumia, na yeye huzinakili kwa mkono kwenye daftari lake, namba kwa namba, na tarakimu isipolingana hupiga simu usiku huohuo.